Dover au Seven Sisters: wapi pa kutembea juu ya majabali meupe mkiwa na bibi na watoto

Nikiulizwa haraka haraka nichague kati ya Dover na Seven Sisters, majabali meupe ya pwani ya kusini mwa Uingereza, mlangoni mwa msikiti au kwenye foleni ya duka la nyama, jibu langu ni hili: kama safari ina bibi mwenye magoti yanayouma au mtoto wa kwenye kigari, nendeni Dover. Kama kila mmoja wenu anaweza kupanda kilima, akapumua, akapanda kingine, na kingine tena, nendeni Seven Sisters. Mwenye muda nampa jibu refu, na jibu refu ndilo hili.

Sisi tunaishi mashariki mwa London, asili yetu Tanga. Nina binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 8 na mdogo wa miaka 2, na mwaka juzi mama yangu alikuja kukaa nasi miezi mitano. Njia zote mbili nimezitembea zaidi ya mara moja, pamoja nao na bila wao. Kwa hiyo sitalinganisha picha hapa. Nitalinganisha miguu, matumbo na subira ya watu sita wa umri tofauti waliotoka nyumbani alfajiri na wanaotaka kurudi salama kabla ya giza.

Ni chaki ile ile

Mama yangu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini. Siku ya kwanza aliposimama juu ya Dover aliokota kipande cheupe njiani, akakisugua kwenye kiganja, akanitazama. “Mwanangu, hii si chaki?”

Ni chaki. Pwani hii ya kusini mwa Uingereza, Dover na Seven Sisters kwa pamoja, ni mwamba wa chaki uliojengwa na maganda ya viumbe vidogo vya baharini visivyoonekana kwa macho. Vilikufa, vikazama, vikarundikana chini ya bahari yenye joto, enzi ambazo dinosaria walikuwa bado wanatembea nchi kavu. Ardhi ilipoinuka na bahari hiyo ikarudi nyuma, tope lile likawa jabali. Ndani yake mna mistari ya mawe meusi magumu, mawe ya gumegume ambayo watu wa kale walichongea visu, na mtoto mwenye macho makali hukuta ufukweni hata jiwe lenye alama ya kiumbe wa kale wa baharini.

Naanza na mwamba kwa sababu kila kitu kingine kinatokana nao. Chaki ni laini. Mawimbi yanaila kwa chini, sehemu ya juu inabaki ikining'inia, siku moja inakatika na kushuka yote kama ukuta wa nyumba. Ndiyo maana majabali haya ni meupe kiasi kile: kila yanapomeguka yanatoa sura mpya. Mahali ambapo bahari imezuiwa isifike, jabali huota majani na weupe wake hufifia. Kinachofanya pawe pazuri ndicho kinachofanya pawe pa hatari, na hilo nitalirudia.

Jambo la pili ambalo watu wengi hawaambiwi kabla ya kukata tiketi: jabali huwezi kuliona ukiwa umesimama juu yake. Ukiwa juu unaona majani, mbingu na bahari. Ule weupe unaoonekana kwenye kalenda unaonekana kutoka mbali, kutoka ng'ambo ya pili ya ghuba au kutoka baharini. Nimeona familia zikitembea saa mbili, zikirudi zimenuna, kwa sababu “hatukuyaona majabali yenyewe.” Walikuwa wakiyakanyaga.

Dover: jabali lenye shughuli chini yake

Safari ya Dover huanzia Langdon Cliffs, kwenye kituo cha wageni cha National Trust, shirika la hisani linalotunza sehemu kubwa ya majabali haya. Kuna maegesho, vyoo na mkahawa. Cha maana zaidi kwa familia yangu ni kwamba hapo tayari uko juu. Gari limeshapanda mlima kwa niaba yako. Mama alishuka, akatembea hatua chache kwenye njia ya changarawe, na bandari nzima ilikuwa miguuni pake.

Bandari hiyo ndiyo inayoipa Dover ushindi kwa watoto wadogo. Meli za abiria na malori zinaingia na kutoka kwenda Calais na kurudi, mchana kutwa. Malori yanapanga mstari, milango ya meli inafunguka, malori yanamezwa. Mvulana wangu alikaa kwenye nyasi zaidi ya nusu saa bila kuomba simu. Kwa mtoto wa miaka miwili hakuna mandhari duniani inayoshinda lori linaloingia ndani ya meli.

Siku ya anga safi unaiona Ufaransa. Ni kilomita 33 hivi mahali palipo pembamba, hazitofautiani sana na upana wa bahari iliyo kati ya Unguja na bara. Mama aliuliza, “Kule ni nchi nyingine?” Nikamwambia ni Ufaransa. Alinyamaza, kisha akasema amezaliwa pwani na kuzeekea pwani, lakini hajawahi kuiona nchi ya pili kwa macho akiwa amesimama katika nchi ya kwanza. Tulikaa hapo kwenye benchi mpaka chai ikaisha.

Kwa wenye miguu, njia inaendelea juu ya majabali hadi mnara wa taa wa South Foreland, kama kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Si tambarare yote. Mapema kuna bonde linaloitwa Langdon Hole ambapo unashuka na kupanda, na hapo kigari cha mtoto kinaanza kuwa mzigo. Tulikiacha garini, mdogo akabebwa mgongoni kwa ubeleko, na hatukujuta. Farasi wadogo wa aina ya Exmoor hulishwa kwenye nyanda hizi ili wapunguze vichaka na maua ya porini yapate nafasi. Watoto wataomba kuwashika; msiwaruhusu, wala msiwape chakula.

Mnara wenyewe una historia ya kumsimulia kijana anayeishi na simu mkononi. Jengo la sasa ni la mwaka 1843. Mkesha wa Krismasi wa 1898, Guglielmo Marconi, mmoja wa waanzilishi wa redio, alipokea hapo ujumbe wa redio kutoka kwenye meli ya taa iliyokuwa baharini, na mwaka uliofuata mawasiliano ya kwanza ya redio yakavuka bahari kati ya Ufaransa na hapo hapo. Binti yangu, ambaye alikuwa amelalamika njia nzima kwamba mtandao unakatika, alisimama mbele ya maelezo hayo akayasoma yote. Humo ndani kuna chumba cha chai. Kabla hujawaahidi watoto keki, hakikisha kwamba siku hiyo pamefunguliwa.

Katikati ya njia kuna pia mahandaki ya vita ya Fan Bay, yaliyochimbwa ndani ya chaki mwaka 1940 na 1941 kwa ajili ya askari wa mizinga. Unashuka ngazi 125 ukiongozwa. Ni mahali pa vijana wakubwa na watu wazima wenye magoti mazima, sisi tuliyapita.

Tahadhari moja ya Dover sijaiona ikiandikwa mahali pengi. Simu huweza kukamata mtandao wa Ufaransa. Unapokea ujumbe wa kukukaribisha Ufaransa ukiwa bado Uingereza, na kama hukuzima matumizi ya ng'ambo unaweza kutozwa. Tena saa ya simu inaruka mbele saa moja. Mume wangu alitazama simu yake, akaona treni yetu imebakiza dakika chache, tukamkimbiza mama mpaka kwenye teksi. Tulifika stesheni tukakaa saa nzima kwenye upepo, na mama anahema. Tangu siku hiyo navaa saa ya mkononi. Programu za adhana nazo hufuata saa ya simu, kwa hiyo ziangalieni.

Kasoro za Dover ni mbili. Ya kwanza ni kelele za bandari, ambazo hazikuachi mpaka uwe umetembea vizuri kuelekea mashariki. Ya pili ni stesheni. Treni ya kasi kutoka St Pancras inafika Dover Priory kwa saa moja na dakika chache, lakini kutoka hapo hadi kituo cha wageni ni karibu kilomita nne, na mwisho wake ni kupanda. Ukiwa na mzee, weka pesa ya teksi kwenye hesabu tangu mwanzo.

Samphire Hoe, kwa wale ambao hata Langdon ni mlima

Upande wa magharibi wa Dover kuna mahali ambapo ningependa kila familia yenye kiti cha magurudumu au kigari cha mapacha ipajue. Walipochimba handaki la reli la chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, walitoa chaki nyingi mno. Upande wa Uingereza, mita za ujazo milioni 4.9 zilimwagwa chini ya jabali na kuzungushiwa ukuta wa bahari. Pakazaliwa ardhi mpya ya hekta 30, nayo ikafunguliwa kwa umma mwaka 1997. Leo ni bustani ya asili yenye maua ya mwituni na vipepeo.

Unashuka na gari kupitia handaki fupi lililotobolewa ndani ya jabali lenyewe, na taa za barabarani zinaruhusu upande mmoja kwa zamu. Watoto wanapiga kelele humo ndani, waache. Ukitoka, majabali yako juu yako, meupe, marefu, na njia ni tambarare. Hapa ndipo jabali linaonekana. Mama alitembea juu ya ukuta wa bahari taratibu, akapumzika, akaendelea, na hakuna aliyelazimika kumsubiri kwa sababu mdogo naye alikuwa akitembea mwendo ule ule. Bahari ikichafuka ukuta hufungwa, kwa hiyo siku ya dhoruba si siku yake.

Seven Sisters: vilima vinane vinavyoitwa saba

Dada Saba hawa wako Sussex Mashariki, ndani ya hifadhi ya taifa ya South Downs, kati ya mdomo wa mto Cuckmere na Birling Gap. Kwa uzuri, kama macho ndiyo yangekuwa yanachagua, nisingehitaji kuandika ulinganisho. Hakuna bandari, hakuna malori. Ni majani mafupi yaliyokatwa na kondoo, kilima kinashuka, kinapanda, na upande wa bahari kila kilima kimekatwa wima kama mkate.

Ukianzia Exceat, kilipo kituo cha wageni, una njia tatu, na makosa mengi hutokea kwa kutojua kwamba ni tatu.

Ya kwanza ni ya bondeni. Inafuata mto unaojipinda kama nyoka, tambarare, kilomita mbili na nusu hivi hadi ufukwe wa kokoto. Kigari kinapita. Ukifika ufukweni unaona jabali la kilima cha kwanza likiinuka kushoto kwako. Familia yenye mtoto mchanga inaweza kuridhika kabisa na hii, na hakuna ukingo wa kuogopa.

Ya pili ni kuyatazama kutoka ng'ambo. Mto Cuckmere hauna daraja mdomoni. Daraja liko Exceat tu. Picha ile maarufu, nyumba za walinzi wa pwani mbele na majabali yote nyuma yake, inaonekana kutoka upande wa Seaford. Kuna maegesho juu ya Seaford Head, karibu na ghala la zamani linaloitwa South Hill Barn, na kutoka hapo mwendo ni mfupi. Nimempeleka mama hapo. Alisimama dakika kumi, akaona kile ambacho sisi wengine tulitembea saa tatu na nusu bila kukiona chote. Kama mna mzee na mna gari, hii ndiyo siri ya Seven Sisters. Asiwapande Dada Saba, awatazame.

Ya tatu ni yenyewe, juu ya vilima, kutoka Exceat hadi Birling Gap. Ni kama kilomita sita, lakini usiihesabu kwa kilomita, ihesabu kwa vilima. Cha kwanza, Haven Brow, ndicho kirefu kuliko vyote, mita 77, na unakipanda miguu ikiwa bado haijapata moto. Kisha unashuka chote ulichopanda. Kisha unaanza tena. Majina yote yanasema saba, ila ukihesabu unapata vinane, na mvulana wangu alipogundua hilo kilimani alisahau kuchoka. Nilimwambia ahesabu kwa sauti. Mtoto wa miaka minane aliyezoea kutembea ataiweza. Wa mitano atabebwa kuanzia kilima cha nne, na aliyembeba atachoka kuanzia cha sita.

Mara ya kwanza tulikwenda na kigari. Tulikuwa tumeambiwa na jamaa kwamba ni njia ya majani tu. Ni kweli ni ya majani, lakini kigari kwenye mteremko ule kinakuvuta kuelekea chini kwa nguvu ambayo sikuipenda, na baada ya kilima cha pili tulikikunja, mume wangu akakibeba begani hadi mwisho. Tafadhali msifanye hivyo.

Birling Gap, mwisho wa njia, pana mkahawa wa National Trust, vyoo, na ngazi za chuma za kushukia ufukweni. Hapo mtoto anaelewa kwa macho maana ya chaki laini. Kulikuwa na safu ndefu zaidi ya nyumba za walinzi wa pwani. Zilizofikiwa na ukingo zimebomolewa moja baada ya nyingine kadiri jabali linavyorudi nyuma. Mbele kidogo juu ya kilima upo mnara wa zamani wa taa wa Belle Tout. Mwaka 1999 ulisukumwa mzima mzima, mita 17 kutoka ukingoni, ili bahari isiuchukue. Binti yangu aliuliza watausukuma tena lini. Swali zuri.

Wenye nguvu zilizobaki wanaweza kuendelea hadi Beachy Head, mita 162, jabali la chaki refu kuliko yote ya pwani ya Uingereza, lenye mnara wa taa wa mistari myekundu na myeupe uliosimama baharini tangu 1902. Sisi hatukuendelea. Tulikwenda kwa miguu hadi kijiji cha East Dean, ambako basi namba 12 linapita barabara kuu kati ya Eastbourne na Brighton. Kuna nyakati za mwaka, hasa mwisho wa wiki, ambapo basi jingine linafika Birling Gap penyewe. Liangalie kwenye ratiba siku moja kabla, usilitegemee kwa kubahatisha.

Ukingo

Katika jambo hili njia mbili hizi hazitofautiani, na hapa ndipo ninapotaka msome polepole.

Hakuna uzio. Sehemu kubwa ya Dover haina, Seven Sisters haina. Majani yanakwenda hadi mwisho, na baada ya majani ni hewa. Kwa sababu mawimbi yanakula chini, pale unaposimama panaweza kuwa ulimi mwembamba usio na kitu chini yake, na kutoka juu huwezi kujua. Mwaka 2017 msichana mwanafunzi kutoka Korea Kusini alikufa Seven Sisters aliporuka karibu na ukingo ili apigwe picha. Alikuwa na miaka 23.

Kanuni ya nyumbani kwetu ni hatua kumi za baba. Mume wangu huzipiga mara moja tukifika, watoto wakimtazama, ili waone kumi ni wapi. Ndani ya hatua hizo hakuna anayeingia, hata kofia ikipeperuka. Binti nimemwambia peke yake, bila kumkaripia, kwamba picha ya ukingoni inapigwa na rafiki asiyejua chaki.

Tofauti ninayoiona kati ya sehemu hizi mbili ni mteremko. Dover, kwa mwendo mwingi, mtoto akikimbia anakimbia kwenye njia iliyo wazi kwamba ni njia. Seven Sisters mtoto anayekimbia kushuka kilima anapata kasi asiyoweza kuizuia, na majani hayana alama. Kwa hiyo mtoto mwenye tabia ya kuchomoka mkononi, na kila mzazi anamjua wa kwake, asipande vile vilima mpaka akue. Mpelekeni bondeni.

Chini nako kuna sheria yake. Usikae wala kutandika mkeka chini ya jabali, liwe zuri namna gani. Na msitembee ufukweni chini ya Dada Saba mkidhani mtatokea upande wa pili. Sisi watu wa pwani tunajua maji kupwa na maji kujaa, lakini tumezoea bamvua ya karibu mita nne. Huku bamvua hufika kama mita sita, maji yanarudi kwa haraka, na nyuma yako ni ukuta usio na ngazi. Wapo wanaookolewa kwa boti. Ukiona mtu amenaswa, piga 999 uombe walinzi wa pwani, usimfuate.

Upepo, sala, chakula

Upepo wa kawaida wa pwani hii hutoka kusini-magharibi. Seven Sisters maana yake ni hii: anzieni Exceat mwende Birling Gap, upepo uwasukume mgongoni. Tulijaribu kinyume chake siku moja ya Aprili, na watoto walikula mchanga na machozi. Dover upepo ni ule ule, ila kuna majengo ya kujisitiri mwanzoni na mwishoni mwa njia. Hata mwezi wa saba bebeni sweta na makoti ya mvua. Jua la London halifiki hapa na joto lake.

Kwa sisi tunaoswali, pwani hii ina neema yake. Kibla cha Uingereza kiko upande wa kusini-mashariki. Dover unatandika mkeka ukiwa umeelekea bahari na Ufaransa. Seven Sisters, ukitoka Exceat kwenda Birling Gap, njia nzima unatembea karibu sawa na kibla. Mama alilifurahia hilo kuliko mandhari yote. Chukueni udhu kwenye vyoo vya mwanzo wa njia, kwa sababu katikati, pande zote mbili, hakuna maji.

Chakula bebeni. Mikahawa ipo, ila vya halali ni vichache na foleni ya Jumamosi ni ndefu. Chapati zilizokunjwa na mayai, sambusa, chupa ya chai ya maziwa. Vitumbua havisafiri vizuri, vinapondeka. Takataka zote zinarudi nanyi.

Nauli na maegesho

Kutembea ni bure kote. Kinacholipiwa ni kuegesha gari. Maegesho ya Langdon na ya Birling Gap yote mawili ni ya National Trust, kwa hiyo familia yenye uanachama haitozwi. Exceat na Samphire Hoe uanachama huo hausaidii. Kwa treni, watoto chini ya miaka mitano hawalipi, na kadi ya Family & Friends Railcard inapunguza theluthi moja ya nauli ya mkubwa na asilimia 60 ya mtoto. Kwenda Dover kwa treni ya kasi ni haraka lakini ghali zaidi. Kwenda Seaford unatokea Victoria, unabadili Lewes, kama saa moja na nusu, kisha basi. Kwa familia isiyo na gari wala mzee, Seven Sisters ni rahisi kwa jumla, kwa sababu basi la 12 linakushusha Exceat mlangoni, wakati Dover unabaki na ule mlima wa teksi.

Je, na Durdle Door?

Naulizwa sana, kwa sababu ya picha za lile tao la jiwe baharini. Liko Dorset, kwenye pwani iliyowekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka ule ule wa mji wa kale wa Lamu. Kutoka Lulworth Cove hadi kwenye tao ni kama kilomita moja na nusu tu, lakini inaanza kwa mlima mkali usiopumzisha. Pazuri mno. Tatizo ni kwamba kutoka London ni zaidi ya saa mbili na nusu kwa njia yoyote, na mwezi wa nane maegesho yanajaa. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja na watoto, siipendekezi. Lala usiku mmoja karibu, ufike asubuhi kabla ya umati, na bibi akae kwenye ghuba ya Lulworth, iliyojikunja kama kikombe na ambayo barabara inafika hadi chini.

Mama anarudi mwezi wa sita, inshallah. Siku yake itakuwa Samphire Hoe asubuhi, Langdon mchana, teksi imeshahesabiwa, saa ya mkononi iko mkononi. Wiki inayofuata mimi na wakubwa wawili tutakwenda Exceat, na mume wangu atabaki na mdogo. Mvulana anataka kuvihesabu tena vile vilima, safari hii akianza kutoka mwisho, aone kama vitabaki vinane.